Kuandikiwa "tembea" badala ya vidonge zaidi

Dada, umeuliza kama daktari aliyemwandikia mama "tembea dakika 30, siku 5 kwa wiki" bila kumwongezea vidonge amempuuza. Hapana, hajampuuza hata kidogo. Kutembea ni tiba, na ina dozi: Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kumfanya aheme kidogo ila bado aweze kuongea. 30 mara 5, hesabu imetimia.

New Zealand wanaandika cheti cha namna hii tangu 1998. Walipokipima kwa wagonjwa 878 wasiofanya mazoezi, wa miaka 40 hadi 79, baada ya mwaka waliofikia saa 2 na nusu kwa wiki waliongezeka kwa karibu mmoja katika kila 10, ukilinganisha na wasiopewa. Lakini haikuwa karatasi peke yake. Walipigiwa simu kwa miezi 3, kuulizwa wanaendeleaje na kutiwa moyo. Zahanati zetu nyingi hukwama hapo: mgonjwa akishatoka mlangoni, basi.

Kwa hiyo simu hiyo piga wewe. Aanze na dakika 10 asubuhi kabla jua halijawa kali, avae raba zisizombana, si ndala. Kama anatumia dawa za sukari, abebe kitu kitamu. Akibanwa kifua asimame, apelekwe hospitali mara moja. Na vidonge vya presha asiviache, tafadhali.