Fundi kapiga Windows upya, picha za mama zimepotea

Pole sana dada. Picha za marehemu mama si za kuachia hivi hivi. Kwanza mpigie fundi leo, umuulize kama alinakili chochote au alibadilisha diski. Kama alibadilisha, ile ya zamani ni mali yako, idai.

Kama hakuformati (hakufuta diski yote kabla ya kupiga Windows), fungua diski C utafute folda ya Windows.old, ambamo Windows huweka mafaili ya zamani, kisha ndani yake Users. Wahi, maana Windows 10 na 11 huifuta yenyewe baada ya siku 10 hivi.

Haipo? Zima kompyuta, usihifadhi kitu tena. Diski ifungwe kwenye mashine nyingine, fundi apitishe PhotoRec (programu ya bure ya kuokoa picha zilizofutika), picha ziokolewe kwenye diski tofauti. Kwa SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) matumaini ni madogo, lakini jaribu.