Ukizamia chini ya barafu, pumzi ya kwanza ivutie majini

Maji yasiyo na chumvi tunayaita maji baridi. Mara ya kwanza nilipozama chini ya barafu ya ziwa, jina hilo lilinikaa kwa maana zake zote mbili, na zote mbili zina jambo la kumwambia mzamiaji. Nakuandikia wewe mwenye cheti tayari, uliyezoea bahari ya joto, na sasa unatamani kuona jua likipenya barafu ukiwa upande wa chini. Nenda. Mapovu yako yatapanda na kutandaa chini ya barafu mithili ya zebaki, na hutayasahau. Ila kabla hujaenda, naomba nikueleze kuhusu regulata, kile kifaa kinacholeta hewa ya mtungi mdomoni.

Ilikuwa mbizi yangu ya sita ya barafu. Hewa ilikuwa nyuzi 14 chini ya sifuri. Nimekaa ukingoni mwa shimo, miguu imo majini, namngoja mwenzangu amalizie kufunga mikanda yake. Kwa mazoea ya baharini nikatia regulata mdomoni, nikavuta pumzi tatu nne kuhakikisha iko sawa. Kosa langu lilikuwa hapo hapo. Pumzi tunayoitoa imejaa unyevu, na kwenye baridi ya namna ile unyevu huo huganda mle mle ndani ya regulata, kwenye vipande vidogo vinavyofungua na kufunga hewa. Sikuona dalili yoyote. Tukashuka.

Tulipofika mita 8 suti kavu, vazi lisilopitisha maji ambalo huingizwa hewa ndani, ikaanza kunibana. Nikabonyeza kitufe cha kuingiza hewa nikakishikilia, na wakati huo huo nikavuta pumzi ndefu. Ghafla hewa ikaanza kububujika mdomoni kwa kishindo, haikomi. Mapovu yalijaa mbele ya miwani hata sikumwona mwenzangu aliyekuwa kando yangu.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Hewa iliyoshindiliwa kwa bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo) inapopanuka hupoa sana, na ukitumia nyingi kwa mkupuo mmoja hupoa zaidi. Kichwa cha regulata, kile kinachofungwa kwenye mtungi, hushuka chini ya sifuri na kugandisha maji yanayokizunguka, vali ikashindwa kurudi mahali pake. Maji ya bahari hayagandi mpaka yakaribie nyuzi 2 chini ya sifuri. Ya ziwa huganda kwenye sifuri yenyewe, na chini tu ya barafu yako hapo hapo karibu na sifuri. Ukishuka zaidi utakuta nyuzi 4, kwa sababu maji huwa mazito kupita yote kwenye kiwango hicho na hutulia chini. Nafuu hiyo ni ndogo mno kwa regulata.

Nilijua la kufanya: funga vali ya regulata hiyo, hamia ya pili. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi mara nyingi, lakini kwenye bwawa la kuogelea, mikono mitupu. Sasa nilikuwa na glavu nene na vidole vilivyokufa ganzi. Nikapapasa nyuma ya kichwa, nikaikamata vali, ikateleza. Nikajaribu tena, ikateleza tena. Mwenzangu ndiye aliyekuja kuifunga. Nilipotazama geji, bar 170 zilikuwa zimebaki 90, na haikuwa imefika hata dakika moja.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: mazoezi ya vali yafanye ukiwa umevaa glavu zile zile utakazoingia nazo ziwani, na uyafanye mpaka mkono uende wenyewe. Beba regulata mbili, kila moja na kichwa chake na vali yake inayofungika peke yake. Kuwa na vinywa viwili vinavyotoka kwenye kichwa kimoja hakukusaidii, kwa maana kichwa kikiganda vyote viwili vimekwisha. Soma pia maandishi yaliyochongwa kwenye regulata: ukiona EN 250, kiwango cha Ulaya cha vifaa hivi, ikifuatwa na >10°C, hiyo imeidhinishwa kwa maji yanayozidi nyuzi 10 tu. Usiingie nayo kwenye barafu hata ikiwa mpya. Na hewa ya suti iingize kwa miguso mifupi mifupi, usiivute pamoja na pumzi.

Siku ile kilichonitoa ni kamba. Ndiyo ninayoiheshimu kuliko kifaa kingine chochote.

Kamba hufungwa kwenye mikanda inayovaliwa mwilini, chini ya jaketi la kuelea. Ukiifunga kwenye jaketi lenyewe, siku utakayolazimika kulivua utakuwa umejitenga na njia yako ya kutokea. Mtu wa juu anayeishika hana kazi nyingine. Hapigi picha, hamimini chai, hapigi soga na watazamaji. Anaifanya kamba isilegee wala isikuvute, na kila baada ya muda anakuuliza hali kwa mvuto. Alama za mivuto hutofautiana kutoka shule moja hadi nyingine, kwa hiyo kubalianeni pale pale kwenye barafu, kila mara, hata kama mmezama pamoja miaka mingi.

Pembeni anakaa mzamiaji wa akiba, amekwisha vaa kila kitu, na kamba yake ni ndefu kuliko yako. Urefu huo una kazi yake. Kamba yako ikifunguka, usiende kutafuta shimo. Najua moyo utakusukuma kwenda. Panda mpaka uguse barafu, simama wima, tulia, punguza pumzi. Mzamiaji wa akiba ataogelea kupita mahali ulipoonekana mwisho, kisha atazunguka duara huku kamba yake ikifagia chini ya barafu mpaka ikuguse. Ukiwa wima, ni rahisi kamba ikunase. Ukihangaika huku na huku, unaweza kuwa umehamia upande ambao imekwisha pita.

Shimo lenyewe tunalikata pembetatu, maana kwenye kona mikono hupata pa kuegemea pande mbili wakati wa kutoka. Theluji inayolizunguka huondolewa kwa mistari inayotawanyika kama miale. Ukiwa chini utaiona iking'aa na utajua shimo liko wapi. Barafu pima unene wake mwenyewe. Ile nyeupe, iliyochanganyika na theluji, nguvu yake ni kama nusu ya ile safi inayoonyesha weusi wa maji.

Mambo madogo mawili. Maji ya ziwa hukuinua kidogo kuliko ya bahari, kwa hiyo ukiwa na kilo 100 pamoja na vifaa vyako, punguza kama kilo 2 na nusu za risasi, ule uzito unaovaa ili uzame. Na mtungi uliojazwa bar 200 kwenye chumba chenye nyuzi 20 utasoma karibu 186 ukifika sifuri. Haujavuja. Fanya hesabu zako kwa namba hiyo ya baridi: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi usiyoigusa.

Siku hizi regulata zangu hukaa ndani ya hema lenye joto mpaka nimekwisha vaa kila kitu. Mshika kamba wangu ndiye anayeniletea. Nashuka shimoni, nazamisha uso, nangoja mshtuko wa baridi upite na pumzi itulie, ndipo naivuta ile ya kwanza, regulata ikiwa imezama kabisa. Kisha navuta kamba mara moja, naye ananijibu mara moja.