Uliza Anti: Kosta ya kulala ndani, Tabora mpaka Kigoma

SWALI: Shikamoo anti. Tuko marafiki watano hapa Tabora, mjomba wa mwenzetu mmoja katuazima kosta, tumetoa siti tumeweka magodoro na jiko, kama yale magari ya kulala ndani wanayotembelea Wamarekani. Mwezi wa saba tunataka kwenda Kigoma taratibu kupitia Urambo na Kaliua, tunasimama vijijini tunapika. Shida wawili wanataka tuingie siku hiyohiyo, wanasema njiani hamna cha kuangalia. Tufanyeje, na tulale wapi?
Msomaji, Tabora

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi niko upande wenu wa taratibu, maana hiyo njia watu wengi wanaipita wamelala kwenye basi halafu wanasema hamna kitu. Ni kama kilomita 400 tu, siku moja mnafika, ila mtakuwa mmeona vumbi basi.

Urambo msipapite hivihivi. Ni kwa mtemi Mirambo huko, aliyefariki 1884, na ndo huko Waingereza walikuja baada ya vita kuu ya pili na matrekta walime karanga mashamba makubwa, wakashindwa wakaacha 1951. Mkikuta mzee anayekumbuka simulizi za wakati ule kaeni naye, mwacheni aongee mpaka amalize, hao wanazidi kupungua. Ukitoka Kaliua ni misitu ya miombo, nunueni asali kwa wanaorina wenyewe. Halafu Uvinza, pale maji ya chumvi yanatoka ardhini yanakaushwa mpaka chumvi inabaki, na kazi hiyo ilikuwepo kabla hata ya mkoloni!

Sasa kulala. Marekani kuna viwanja maalumu, unaegesha unachomeka umeme na maji, kwetu njiani msivitegemee, kwa hiyo saa kumi jioni muwe mmeshaingia kijijini. Nendeni moja kwa moja kwa mwenyekiti au mtendaji, jitambulisheni, mwombe pa kuegesha, mara nyingi mtaonyeshwa uwanja wa shule au karibu na zahanati. Msijilalie tu porini, sehemu kubwa kule ni hifadhi ya misitu, na usiku msiendeshe kabisa, kuna ng'ombe barabarani na malori mabovu yameachwa bila taa.

Mbung'o nao wapo, wanafuata gari linalotembea na wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo vaeni nguo za rangi ya udongo au kaki, madirisha fungeni mkiingia porini. Na hili nalisema kwa uchungu: jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari hata kama kuna baridi, hata kama mkaa unaonekana umeshakuwa majivu. Ile hewa yake haina harufu, mnalala watano hamuamki. Pikeni nje, jiko libaki nje mpaka asubuhi.

Kuhusu siti mlizotoa, kabla hamjaondoka muulizeni wakala wa bima kama bado inawalinda, na trafiki pia, wasiwakamate njiani.

Kigoma jaribuni kufika siku za giza, mwezi usiwe mkubwa, maana wavuvi wa dagaa wanatumia taa na mbalamwezi inawaharibia. Mkisimama juu ya kilima usiku mnaona ziwa lote limejaa taa, ila ulizeni kwanza kama uvuvi umefunguliwa, maana 2024 ziwa lilifungwa katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti. Asubuhi shukeni mwaloni Kibirizi mkanunue dagaa walioanikwa kwenye chanja, wa mchangani mtatafuna mchanga.

Hao wenzenu wawili msigombane nao mwanangu. Treni ya Kigoma inapita Kaliua na Uvinza, wao wapande Tabora wawatangulie, au waje nanyi mpaka Kaliua wakichoka wadandie hapo. Ila haipiti kila siku, ulizeni ratiba stesheni kabla hamjapanga tarehe, na hela ya mafuta wachange wote watano kabla gari halijawaka.