Jibu: Pendekezo la PhD ya haki za binadamu kurudishwa kwa kuwa "pana mno"

Habari ndugu. Pendekezo lako kuhusu Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, limerudishwa kwa kuwa ni pana mno. Angalia swali kwanza: lina nchi, ibara na kipindi? Mfano, Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lake la Ibara ya 34(6) ya Itifaki (mkataba ulioanzisha mahakama hiyo), lililoruhusu watu binafsi kuishtaki moja kwa moja. Tamko likakoma kutumika Novemba 2020. Kesi zilizokwishafunguliwa ziliendelea. Je, hukumu za mahakama dhidi ya Tanzania zinatekelezwaje? Hapo pana PhD nzima.

Hukumu zimo kwenye tovuti ya mahakama bure. Tengeneza jedwali: namba ya kesi, ibara iliyovunjwa, amri, taarifa ya utekelezaji. Mahojiano na wafungwa walioshtaki yaache kama si ya lazima, maana vibali hula miezi mingi.