Pembetatu Gani Hii Inayolia?

SWALI: Ninafundisha hisabati sekondari na ninaandaa muhtasari wa trigonometria kwa Kiswahili. Ule upande mrefu kuliko yote katika pembetatu yenye pembe ya digrii 90 niuite kiegama au hipotenusi? Na "pembetatu ya kulia", ambayo naikuta mara kwa mara mtandaoni, ni istilahi halali au ni kosa lililokwisha kuzoeleka? Mwenzangu ananiambia hata neno sini lilizaliwa na kosa la tafsiri, kwa hiyo nisiwe mkali.

JIBU: Mwalimu, kiegama ni sahihi na hipotenusi ni sahihi. Nitarudi hapo, maana hilo swali lako la pili limenitonesha kidonda.

"Pembetatu ya kulia" si istilahi, ni ajali. Mashine ya kutafsiri ilikutana na neno la Kiingereza *right*, lenye maana kadhaa, ikaokota ile ya mkono, ikaibandika kwenye jiometria, na watu wenye akili zao timamu wakainakili. Hilo "kulia" lenyewe limetokana na kula: mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Basi msomaji asiyejua Kiingereza achague mwenyewe: pembetatu iliyo upande wa kulia, pembetatu ya kulia chakula, au pembetatu ya kulia machozi. Usiku wa kuamkia mtihani wengi huichagua hiyo ya tatu.

Jina lipo siku zote, tena halina makuu: pembetatu mraba, yaani pembetatu yenye pembe mraba, ile ya digrii 90. Wapo wanaocheka kwamba kitu hakiwezi kuwa pembetatu na mraba kwa wakati mmoja. Wacheke, wakimaliza waandike kwa kirefu. Ila wasiandike "pembetatu ya mraba", kwa sababu hiyo "ya" inaifanya pembetatu iwe kipande cha mraba, na mraba ukiukata kwa ulalo wake unapata pembetatu mraba za namna moja tu, zile zenye pembe mbili za digrii 45. Nyingine zote zimebaki nje.

Ubaya wa "ya kulia" hauishii kwenye kuchekesha. Unamfundisha mwanafunzi kutazama upande wa karatasi badala ya kutazama umbo. Na hapo ndipo nilipotaka kufika, mwalimu, ingawa hukuniuliza: kwenye kimo na kitako.

Katika madaftari mengi utakuta imeandikwa hivi: "sini ni kimo kugawanya kwa hipotenusi, kosini ni kitako kugawanya kwa hipotenusi, tanjenti ni kimo kugawanya kwa kitako." Inasomeka vizuri, inaimbika, na katika mchoro wa kwanza ubaoni inatoa jibu sahihi. Ndiyo maana imeishi. Lakini ni uongo wenye adabu.

Chukua pembetatu ABC yenye pembe mraba kwenye C. AC ni sm 15, BC ni sm 8, AB ni sm 17. (Hakiki: 64 na 225 ni 289, na 289 ni 17 mara 17.) Ichore AC ikiwa imelala na BC imesimama. Muulize mwanafunzi sini ya pembe A. Kimo 8, hipotenusi 17, jibu 8/17, yaani 0.4706, na kikokotoo kinampa pembe ya digrii 28.07. Vema. Sasa, bila kugusa mchoro, muulize sini ya pembe B. Kimo kiko palepale, hakijahama. Kitako nacho kimelala vilevile. Ataandika 8/17 tena, na digrii 28.07 tena. Mwambie ajumlishe pembe zake zote: 28.07 na 28.07 na 90 ni 146.14. Pembetatu imepoteza karibu digrii 34, na mwanafunzi hana habari, kwa kuwa kila neno uliloandika ubaoni amelitii. Jibu la kweli ni 15/17, na pembe B ni digrii 61.93.

Hapo mchoro haujageuzwa bado. Ugeuze, AB ilale chini na C iwe kileleni. Kitako sasa ni hipotenusi yenyewe! Na kimo je? Kimo kina kazi yake tangu shule ya msingi, katika eneo: ni mstari unaoshuka wima kutoka kileleni hadi kwenye kitako. Katika umbo hili eneo ni nusu ya 8 mara 15, yaani 60. Kwa hiyo kimo juu ya kitako cha 17 ni 120/17, kama sm 7.06. Mwanafunzi mwangalifu, yule aliyelishika somo la eneo barabara, ataugawanya mstari huo kwa 17, atapata 0.4152, na pembe A itageuka kuwa digrii 24.53. Mvivu aliyekariri mchoro wa kwanza anaweza kupatia. Istilahi inayomwadhibu mwangalifu na kumlipa mvivu haifai kuandikwa ubaoni.

Kosa liko wapi? Kimo na kitako ni majina ya jinsi umbo lilivyokaa kwenye karatasi. Sini, kosini na tanjenti hazijui karatasi, zinajua pembe. Upande uleule ambao uko mbele ya pembe A uko ubavuni mwa pembe B. Kwa hiyo majina yanayofaa ni yale yasiyoweza kutamkwa bila kutaja pembe: upande mkabala wa pembe A, upande jirani wa pembe A. Mtu akikuambia "upande mkabala" akanyamaza, unamuuliza mkabala wa nini. Akikuambia "kimo", humuulizi kitu, na hapo ndipo mnapotea wote wawili.

Nakubali kwamba jirani nalo lina mtego wake. Pembe kali, yaani iliyo chini ya digrii 90, ya pembetatu mraba inaguswa na pande mbili, na mojawapo ni hipotenusi. Ukimwambia mwanafunzi kuwa jirani ni upande unaogusa pembe, nusu ya darasa itachagua 17. Dawa si kutafuta neno jingine, dawa ni mpangilio. Kwanza weka kijimraba kwenye pembe mraba. Kutoka kwenye kijimraba hicho chora mshale unaovuka umbo: upande unaopigwa na mshale ndio hipotenusi, uandike H, umetoka mchezoni. Kisha zungushia duara pembe unayoulizwa na kutoka hapo vusha mshale mwingine: upande unaopigwa ni mkabala, M. Uliobaki, usihitaji hata kuufikiria, ni jirani, J. Ukibadilisha pembe, futa M na J uanze upya, lakini H usiiguse. Wape umbo moja la 8, 15 na 17 katika mikao minne, ukiwemo ule wa hipotenusi kulala chini, na kila mkao waulize pembe A na pembe B. Wasikokotoe kitu, waandike herufi tu. Anayeweka M na J bila kosa mara nane hahitaji wimbo.

Ugonjwa huu una ndugu yake katika kanuni ya Pythagoras, pale inapokaririwa kama a² + b² = c² na c ikageuka jina la ukoo la hipotenusi. Mpe mwanafunzi pembe mraba iliyo kwenye A, ambapo hipotenusi ni a, uone anavyojumlisha mraba wa upande mrefu na wa mfupi, halafu analeta upande wa tatu ulio mrefu kuliko hipotenusi. Iandikwe kwa maneno: mraba wa hipotenusi ni sawa na jumla ya miraba ya pande mbili zilizobaki. Ni ndefu, lakini haihitaji herufi.

Sasa mwenzako na sini yake. Habari anayokupa ni ya kweli: Wahindi walisema upote wa upinde kwa Kisanskriti, Waarabu wakalichukua kwa sauti tu, lilipoandikwa bila irabu likasomeka kama neno la kunjo au mfuko wa nguo, na wafasiri wa karne ya 12 wakatia kwa Kilatini neno la maana hiyo, *sinus*. Lakini kosa hilo halimdhuru mtu. Hakuna mwanafunzi anayefungua pembetatu akatafuta mfuko. "Kulia" na "kimo" ni maneno hai, yanamwambia mwanafunzi atazame mahali, na anatazama. Kosa lililokufa halina madhara. Hili la kwetu linatembea.

Turudi kwenye kiegama. Ni neno zuri, limetoka kwenye kuegama, na hipotenusi ya Kigiriki nayo ina wazo la mstari ulionyooshwa chini ya pembe. Mkali angeniuliza: je, kiegama si jina la mkao vilevile? Ndiyo, na AB ikilala chini haiegami popote. Nalivumilia shingo upande kwa kuwa maana yake imefungwa na pembe mraba, na kila pembetatu mraba ina kiegama kimoja tu, hivyo mwanafunzi hana cha kukosea akibadilisha pembe. Lakini katika muhtasari wako ningetumia hipotenusi, kwa sababu ya herufi. Ukiandika kwa vifupisho unapata S = M/H, K = J/H, T = M/J, na kila herufi ina kazi moja. Ukitumia kiegama, kosini inakuwa K = J/K, na hapo hata wewe utasimama kidogo. Kiegama kitaje mara moja mwanzoni, wakijue wakikutana nacho. Hipotenusi iko katika ngeli ya I-ZI: hipotenusi hii, hipotenusi hizi, kiegama wingi wake ni viegama.

Mawili ya mwisho, mafupi. Usiruhusu "sini = 8/17" ikae peke yake; sini ya pembe gani? Andika sin A = 8/17. Na mtu akikuletea sin 30 = −0.988 usimgombeze kwa jiometria, kikokotoo chake kiko kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe. Akirudisha kwenye digrii atapata 0.5. Alama sin, cos na tan ziachwe zilivyo katika hesabu, zinaeleweka dunia nzima, ila zikisomwa kwa sauti ziwe sini, kosini na tanjenti. Siku hizi nasikia "tani ya pembe A". Tani ni kilo 1,000, mwalimu, na pembe A haijapandishwa kwenye mizani.