Nairobi mpaka New York: achana na kilomita, hesabu masaa

Kila mara kuna mtu ananiuliza, eti Nairobi mpaka New York ni mbali kiasi gani. Ni kama kilomita 11,800 hivi, lakini hiyo namba haikusaidii kitu, mimi njia hii nimeipita mara kadhaa na kilichoniuma mgongo ni masaa sio kilomita.

Ndege ya moja kwa moja ipo, Kenya Airways walianza Oktoba 2018, kwenda ni masaa 15 hivi na kurudi ni kama 14, maana ukirudi upepo wa huko juu unavuma kuelekea mashariki unakusukuma. Ukipitia Doha unazidi kilomita 14,000 na ukiweka na kungoja pale inafika masaa ishirini na kitu. Inaweza kuwa bei nafuu, sikatai, ila usikubali tiketi ya kubadilisha ndege ndani ya saa moja, ile ya kwanza ikichelewa kidogo tu umekwisha.

Sasa shida kubwa ni kuisoma tiketi yenyewe. Saa zilizoandikwa ni za kila mji kivyake, kwa hiyo utaona umetoka Nairobi usiku wa manane ukafika saa moja asubuhi, unasema ah, masaa saba tu! Wapi. New York iko nyuma yetu masaa 8 wakati wa baridi na 7 wakati wa joto, wao wanarudisha saa nyuma Novemba na kuipeleka mbele Machi, sisi hatugusi kitu. Basi badilisha saa zote ziwe za Nairobi ndio utoe.

Na tarehe jamani, tarehe! Mamangu alipokuwa anakuja kunitembelea New York nilimkatia tiketi mwenyewe, imeandikwa Jumapili 00:10. Nikampigia nikamwambia ni Jumapili saa sita usiku. Akakata tiketi ya treni ya SGR ya Jumapili asubuhi kutoka Mombasa, masaa kama sita hivi mpaka Syokimau, kituo cha Nairobi, apumzike kidogo halafu aende airport, mpango safi kabisa. Jumamosi baada ya magharibi bibi yetu akamuuliza, "We si unasafiri usiku wa Jumapili, mbona bado uko hapa?" Wakacheka wote, wakamwambia ni kesho. Kumbe mwenye akili alikuwa bibi, yeye kwake jua likizama siku mpya imeshaingia, na ile 00:10 ni usiku wa kuamkia Jumapili. Mama alifika airport na mabegi yake mawili na kiroba cha achari, ndege imeshaondoka usiku uliopita. Tuliongeza hela nyingi kubadilisha, na kosa langu mimi, siwezi kumsingizia mtu.

Siku hizi sisemi kabisa "saa sita usiku". Nikimkatia mtu tiketi namwandikia kwenye WhatsApp siku na saa ya kuwa airport, masaa matatu kabla, sio saa ya ndege kuruka. Na mama naye ana lake, kwenye kalenda ya jikoni anaandika kwa kalamu nyekundu: "Jumamosi, niswali Isha huko huko airport."