Saida ya matufaha: usiharakie kufunga chupa

Ukiishi Uingereza, kuanzia Septemba utaona maboksi ya matufaha nje ya mageti ya watu, na kikaratasi kinachosema chukua bure. Chukua. Ukitengeneza saida, yaani pombe ya juisi ya matufaha iliyochachushwa, ya kunywa nyumbani, bila kuuza, huhitaji leseni. Kukeneka, yaani kuchemsha pombe na kukinga mvuke wake iwe kali, ndiko kunakokatazwa bila kibali. Na atakayekuuliza kama itapofusha macho mwambie maafa ya gongo na chang'aa hutokana na pombe kali iliyokenekwa ovyo au kutiwa methanoli, si juisi iliyochacha yenyewe.

Kama kukamua ni tabu, nunua juisi, ila soma lebo. Ukikuta sorbate au benzoate irudishe rafuni, maana zimewekwa makusudi kuzuia hamira. Vitamini C haina neno. Wanaokamua wenyewe wagandishe matufaha kwenye friza kwanza, kisha wayaache yayeyuke. Yatalainika na kutoa maji bila kushindana nawe. Changanya matamu na machachu. Bramley, tufaha chachu la kupikia, peke yake itakukunja uso. Juisi ya dukani kwa kawaida hukosa ukakasi, na dawa yake ipo jikoni: kikombe cha chai ya rangi iliyokolea, bila sukari, kwa galoni ya lita 4.5.

Osha vyombo vyote, halafu uvipitishe kwenye dawa ya kuua vijidudu. Hizo ni kazi mbili.

Hamira ya mkate itachachusha, lakini huacha ladha yake na haitulii vizuri chini. Ya mvinyo ni bei ndogo, na pakiti ya gramu 5 hutosha hata lita 20. Usijaze galoni hadi shingoni, povu la siku za mwanzo hupanda. Funga kwa kizibo chenye kibomba cha maji, kile kinachotoa gesi bila kuingiza hewa, na uweke penye nyuzi 15 hadi 20. Aliye Dar aiweke galoni ndani ya beseni la maji na kuifunika taulo bichi, kwani kwenye nyuzi 30 ladha huwa kali ya kuudhi. Ikinuka yai viza usimwage. Hamira imekosa lishe tu, na mara nyingi harufu hiyo hutoka yenyewe.

Sasa sehemu inayowashinda wengi. Mapovu yakikoma kwenye kibomba, mgeni hudhani kazi imekwisha, kumbe usiku mmoja wa baridi unatosha kuilaza hamira, na ikipata joto itaamka ikiwa ndani ya chupa. Nunua haidromita, kipimo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki. Juisi mbichi husoma karibu 1.050, na saida iliyokauka husoma 1.000 au chini yake. Zidisha tofauti hiyo kwa 131 upate ukali: hapo ni asilimia 6.5. Pima, ngoja siku tatu, pima tena. Namba ikishuka, bado.

Isiposhuka, ihamishe kwa mpira na kuacha mashapo, mdomo wa mpira ukiwa umezama chini ya chombo kipya. Ikianguka kwa kishindo inabeba hewa, na hewa ndiyo njia ya siki. Safari hii jaza hadi shingoni, uiache wiki kadhaa iwe angavu.

Ya gesi inataka sukari gramu 6 kwa lita, yaani gramu 27 kwa galoni. Tumia mizani, kijiko hudanganya. Iyeyushe kwenye maji kidogo yaliyochemka, ipoe, kisha uifyonzee saida juu yake. Chupa ziwe za bia, za shampeni au za plastiki za soda; za mvinyo wa kawaida na za mraba za mapambo hazihimili mgandamizo. Moja lazima iwe ya plastiki, hata kama nyingine zote ni za kioo. Iminye kila siku: ikiwa ngumu kama soda mpya, zote zimeiva, zipeleke kwenye baridi.

Wapenda utamu ndio wanaopasua chupa. Sukari ya ziada ndani ya chupa ni chakula kwa hamira, haitabaki kuwa utamu. Tia utamu kwenye glasi, au tumia erythritol, kitamu mbadala wa sukari ambacho hamira haili. Xylitol nayo haili, ila ni sumu kwa mbwa.

Chupa zikisubiri kuiva ziweke ndani ya boksi lenye kifuniko, kama wiki mbili, mbali na watoto. Ukishuku chupa imezidi, vaa miwani na glavu, uifunike taulo kabla ya kuigusa.

Ya kwanza ifungulie kwenye sinki, ikiwa baridi sana. Mimina kwa mkupuo mmoja bila kuisimamisha chupa katikati, usije ukayachafua mashapo.